Sare ya Zafarani Baridi

TANGAZO. Uongozi wa Kituo cha Sanaa Mkole, kwa heshima na taadhima, unawatangazia walimu, wanafunzi, wazazi, wapangaji wa ukumbi na umma wote wa Kariakoo kwamba Jumamosi hii, Siku ya Kituo, sare rasmi itakuwa ya rangi ya zafarani baridi. Kwa kuwa rangi hii inafahamika kwa kila mtu mstaarabu, maelezo zaidi hayatatolewa.

Uongozi uliotoa tangazo hilo ulikuwa mimi, Josepha, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliye likizoni, nimekaa juu ya ngoma iliyopinduliwa, natafuna karanga. Rangi ya zafarani baridi haipo. Niliibuni kati ya karanga moja na nyingine.

Naomba nisihukumiwe kabla mazingira ya tukio hayajaeleweka. Msimamizi wa kituo ni mama mdogo Severa, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Kituo chenyewe ni jengo la zamani lililobanwa kati ya maduka ya vyombo na hoteli ya supu. Siku za kazi kuna madarasa ya ngoma, ushonaji, uchoraji na upambaji wa keki. Mwisho wa wiki ukumbi unakodishwa kwa vikao vya harusi, send-off na ubarikio. Mama alinileta pale likizo nzima ili, kwa maneno yake, nisipate nafasi ya kufikiri. Mama mdogo akanikabidhi ubao wa matangazo pamoja na muhuri wa kituo. Matroni wa bweni letu asingefanya kosa hilo hata usingizini.

Ubao ulikuwa unatia huruma. "Leo ngoma hakuna." "Aliyechukua mkasi aurudishe." Mtu aliyelelewa shule ya bweni, ambako hata kuziba kwa karo la kufulia hutangazwa kwa lugha ya kutawaza maaskofu, hawezi kuvumilia umaskini wa namna hiyo. Huko shuleni niliwahi kubandika tangazo kwamba kuanzia Jumatatu kila mwanafunzi atahesabu maharage yake na kuripoti idadi kwa kiranja wa chakula. Wasichana arobaini walihesabu kwa siku tatu. Mimi nilifyeka majani kwa wiki mbili, lakini kazi ilikuwa imefanyika.

Kuhusu sare, sikubahatisha. Mjini hapa hakuna shughuli bila sare. Watu wanane wakikutana kupanga jambo, ajenda ya kwanza ni rangi, ya pili ni nani ametaka kuwachagulia wenzake rangi mbaya. Nilijua hakuna atakayeuliza kwa nini tuvae sare. Hatari pekee ilikuwa mtu kuuliza zafarani baridi ni ipi, na hapo ndipo lile neno "mstaarabu" lilipofanya kazi yake.

Wa kwanza kulisoma alikuwa Bi Shamsa, mwalimu wa ushonaji. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande kama anasikiliza redio ya jirani. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kwa adabu kama rangi hiyo anaijua.

"Zafarani baridi?" alisema. "Binti, mimi nimeshona zafarani baridi wewe hata hujazaliwa."

Wa pili alikuwa Mzee Bakili, mwalimu wa ngoma. Yeye alinieleza, bila kuulizwa, kwamba kwao Lindi wazee walikuwa wakiivaa siku ya kutoa watoto jandoni, ila siku hizi vijana wamepoteza mila. Nilimsikiliza kwa unyenyekevu. Sijawahi kuona uongo wangu mdogo unakua haraka namna ile na kupata hadi ukoo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne ilikuja barua.

Mama mdogo aliisoma akiwa amekaa kwenye ngazi. Ilitoka kwa mwenyekiti wa wadhamini wa jengo, Mzee Elibariki, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla, na ilisema kwamba bwana mmoja wa mabegi aitwaye Athanas ameomba kukodi jengo lote kuwa stoo. Ombi lenyewe lisimshangaze mtu. Kariakoo, nafasi isiyowekwa mzigo huhesabika kuwa imepotea. Watu huweka mabalo ya mitumba hadi chini ya meza wanazolia chakula. Mzee Elibariki aliandika kuwa kabla ya kuamua atakuja Siku ya Kituo kujionea mwenyewe kama watu wa Mkole ni kitu kimoja, au ni watu tu wanaochangia choo. Uamuzi angeutoa palepale.

Mama mdogo hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliikunja barua mara nne.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Tukitoka hapa, Mzee Bakili akapige ngoma wapi? Kwenye chumba chake Buguruni, ukuta mmoja na wapangaji sita?" Akanyooka kidogo. "Afadhali Bi Shamsa na wenzake wameleta hilo wazo la sare. Akitukuta tumevaa rangi moja, ataona."

Ndipo nilipoelewa kwamba mama mdogo anadhani sare imeamuliwa na wana ushonaji, na wana ushonaji wanadhani imeamuliwa na mama mdogo. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu anayejitafutia mlango wa kutokea, kama yeye rangi yenyewe anaijua.

Alinitazama. "Kwani wewe huijui?"

Mtu mwema angekiri pale kwenye ngazi. Mimi nilikwenda kubandua tangazo, nikijiona shujaa. Lakini lilikuwa limeshapigwa picha na kutupwa kwenye grupu la kituo, likiwa na majibu sitini na moja, mengi ya dole gumba na mikono ya kuomba, na mtu mmoja wa darasa la keki alikuwa ameandika, "Hatimaye rangi ya maana." Tangazo la ukutani unalibandua. La kwenye simu za watu unalisindikiza tu kwa macho.

Jumatano Athanas mwenyewe alikuja kupima ukumbi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye futi kamba ya njano, akiruka ngoma za watoto moja moja na kuandika vipimo kwenye kiganja. Mama mdogo alimfungulia milango yote kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda.

Alhamisi nilimfuata Bi Shamsa Mtaa wa Kongo kununua kitambaa. Nilikuwa na tumaini moja: kwamba wauza vitambaa watasema hawaijui rangi hiyo, mambo yote yavunjike salama, na lawama ziangukie viwanda. Nilisahau niko wapi. Mwuzaji wa Kariakoo anaweza kukosa haya, anaweza kukosa chenji, lakini hakosi bidhaa uliyoitaja. Kijana wa duka la kwanza alitazama dari kidogo.

"Zafarani baridi ipo, mama. Ilikuwa imeadimika, imeingia jana."

Akashusha jora la rangi ya embe bivu kabisa, lile la kudondoka lenyewe. Bi Shamsa aliuliza ubaridi wake uko wapi. Kijana akamjibu kwamba ubaridi huuoni kwa macho, unausikia ukishavaa. Bi Shamsa alikisugua kitambaa kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alisema taratibu, na akanunua ya watu ishirini.

Kufika jioni taarifa zilikuwa zimenifikia. Watu wa ngoma walikuwa wamepata zafarani baridi ya kijani. Watu wa keki walikuwa wamepata ya zambarau, kutoka kwa mwuzaji aliyeapa kwa jina la mama yake. Wachoraji, ambao hujiona wao ndio wenye elimu ya rangi, hawakununua; walichukua shuka jeupe, wakalichemsha na manjano ya kupikia ili ipatikane zafarani, kisha wakatia bluu ya kufulia ili upatikane ubaridi. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya dimbwi na harufu ya pilau.

Kila kundi lilificha nguo zake hadi siku yenyewe. Hiyo nayo ni desturi. Sare haionyeshwi kabla ya shughuli, isije ikaigwa na wasiohusika. Ndiyo maana hadi Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa mtu pekee anayejua kinachokuja. Nililala vibaya na kuamka na kuhara, jambo ambalo nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba nina dhamira.

Ukumbi ulipendeza. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe, meza kuu ilikuwa na maua ya plastiki na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chenye rangi tisa, kwa hesabu, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, kwamba mojawapo lazima ingekuwa yenyewe.

Waliingia kwanza wana ushonaji, ishirini, wakiwaka kama soko la maembe. Wakafuatiwa na wana ngoma wa kijani. Makundi mawili yakasimama yakitazamana.

"Shikamoo, Mzee Bakili," alisema Bi Shamsa. "Hicho kijani vipi tena, mmepitia shambani kuchuma mchicha?"

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo zafarani baridi." Mzee Bakili aliwatazama mmoja mmoja, kwa huruma. "Hiyo yenu imepata homa."

Watu wa keki waliingia na zambarau yao, wakauliza kwa nini wengine hawakusoma tangazo. Mchoraji mmoja akawajibu wote kwamba hizo ni rangi za dukani tu, wao wametengeneza ya asili, kwa kanuni.

"Tunaisikia harufu yake," alisema Bi Shamsa. "Na hiliki mmetia?"

Ndani ya robo saa hakuna aliyekuwa akipanga viti tena. Watu walitoa risiti. Walitaja majina ya maduka kama watu wanaotaja mashahidi. Mama mmoja wa kijani alisema marehemu bibi yake alizikwa na sanda ya zafarani baridi na yeye aliishika kwa mikono yake. Mwenzake wa zambarau akamwuliza ni bibi gani huyo wa kuzikwa na rangi ya mchicha. Mama mdogo alizunguka katikati yao akiomba kila kundi likubali kidogo, lakini rangi haina kidogo. Kila aliyekuwa akipiga kelele pale alikuwa akitetea kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na mimi nilisimama nyuma ya spika nikiwa na ukweli wote mdomoni, umekwama kama mwiba wa samaki.

Hapo Mzee Elibariki akaingia.

Ukumbi mzima ulisimama, ukanyamaza, ukamwamkia kwa pamoja. Alikuwa amevaa suti mpya kabisa, koti na suruali, ya rangi ya saruji iliyolowa. Alitembea polepole hadi meza kuu, akageuka, akatutazama: maembe, mchicha, zambarau, dimbwi. Alikataa soda. Akaomba maikrofoni.

Alisema tangazo la sare lilimfikia kwa simu, na lilimfurahisha, kwa sababu watu wenye mpango huanza na sare. Akaona si vibaya na yeye avae, awe mmoja wetu. Sasa anashangaa. Akanyoosha mkono ili sote tuuone mkono wa koti.

"Mimi nimeuza vitambaa Kariakoo miaka thelathini na mmoja. Zafarani baridi ni hii."

Nani angebishana? Bi Shamsa alilitazama gauni lake kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Huku nyuma mtu mmoja wa keki alianza kunong'ona kwamba kweli, hata yeye moyo ulikuwa unakataa.

Mzee akaendelea, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema watu wasiokubaliana rangi hawawezi kukubaliana jengo. Alisema alichokikuta hapa si kituo, ni stendi, kila mtu na gari lake. Akatoa bahasha kwenye koti, akatoa na kalamu, akasema ni barua ya kumpa Athanas jengo, na kwamba asingependa kuisaini kwa siri kama mwizi, ataisaini mbele yetu.

Mama mdogo alipanda jukwaani. Hakuomba maikrofoni.

"Mzee, tangazo lina muhuri wangu," alisema. "Kosa ni langu. Hawa wamevaa walichodhani wameagizwa. Niondoe mimi, wao waache na ukumbi wao."

Sauti yake ilitetemeka kwenye neno "ukumbi." Mzee Bakili aliinamisha kichwa. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nikiri, nakula kiapo, nilikuwa nimeufungua, ndipo mzee alipomgeukia mama mdogo kwa upole kabisa.

"Mwalimu Severa, mimi nakulaumu kwa moja tu. Ungeniuliza. Rangi hii naijua kama ninavyowajua wanangu."

Nikacheka.

Sikukusudia. Kicheko kilianzia puani, kama kile cha kanisani, ambacho kadiri unavyokibana ndivyo kinavyotafuta njia. Nilijaribu kukigeuza kikohozi, lakini maikrofoni ya akiba ilikuwa karibu na mdomo wangu, na spika zikakirusha hadi kwenye hoteli ya supu.

Mama mdogo hakugeuka haraka. Anakijua kicheko hicho tangu nikiwa na miaka minne.

"Josepha," aliita. "Njoo mbele."

Nilikwenda. Kwa mazoea ya bweni nikaanza na waheshimiwa wadhamini, walimu na wageni waalikwa.

"Sema kama mtu," alisema mama mdogo.

"Rangi hiyo haipo, mzee," nilisema. "Tangazo niliandika mimi. Rangi niliitunga. Mama mdogo alidhani ni Bi Shamsa, Bi Shamsa akadhani ni mama mdogo. Wao hawana kosa."

 Mzee Elibariki aliutazama mkono wa koti lake, kwanza upande wa juu, halafu akaugeuza akautazama upande wa chini.

"Haipo wapi? Dukani?"

"Popote, mzee."

Mzee Bakili alikohoa, akakaa, na hadi leo habari za jando la Lindi hajazirudia. Bi Shamsa alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia, kikatoka kicheko kikubwa cha mama mtu mzima. Kikamwambukiza jirani yake, kikavuka kwa wana mchicha, kikawafikia wa zambarau, na yule mama aliyemtaja bibi yake aliyezikwa akacheka hadi akashikwa na mwenzake asianguke. Wote walikuwa wakinyoosheana vidole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyekuwa na rangi ya kutetea.

Mzee Elibariki hakucheka. Alisubiri kimya kirudi. Bahasha ilikuwa bado mezani, kalamu juu yake.

"Nani mwingine alijua?" aliniuliza.

Nikasita. Kusita kwenyewe kukanisaliti, kwa sababu mama mdogo alinisogelea hatua moja. Na hapa nakiri kwa msomaji kama nilivyokiri pale: niliposema nilikuwa mtu pekee anayejua, nilisema uongo.

Jumatano ile, Athanas alipokuwa akipima ukumbi, alipita mbele ya ubao, akasoma, akanigeukia. "Binti, rangi gani hii?" aliuliza. "Mimi siijui." Katika Kariakoo nzima, watu wote niliokutana nao wiki ile, ndiye pekee aliyetamka neno hilo, siijui. Nilishtuka kiasi kwamba ukweli ulinitoka kabla sijauzuia. Alicheka hadi akaangusha futi kamba, akanisihi nisimwambie mtu.

Nilimweleza Mzee Elibariki hayo yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Jumatano," alisema.

"Jumatano, mzee. Mchana."

Alihesabu kitu kwa vidole. "Suti hii nimeipeleka kwa fundi Alhamisi. Athanas nilikuwa naye."

Mama mdogo hakuweza kujizuia. "Akasemaje?"

"Alinisaidia kuchagua vifungo."

Hakuna aliyecheka, watu wa Mkole wana akili kuliko nilivyowadhania. Mzee alikiangalia kifungo cha juu, kilichokuwa cha dhahabu na kikubwa kupita kiasi, akakifungua. Akaichukua bahasha, akaikunja, akaisukuma chini kabisa ya mfuko wa suruali. Alisema jengo litabaki kama lilivyo, na kwamba kwa mwaka huu neno begi asilisikie. Kisha akamwomba Mzee Bakili aanze, maana amekuja kutazama ngoma, hakukuja kutazama nguo.

Ngoma zilipoanza, maembe, mchicha na zambarau walijimwaga uwanjani pamoja, na wachoraji wakaachiwa nafasi kubwa kuliko wengine kwa sababu ya joto na ile harufu. Mimi nilikalishwa kiti cha mbele, pembeni ya mama mdogo, mahali ambapo mkono wake ungeweza kunifikia. Sikuweza kufurahi sawasawa. Wiki nzima mtu mmoja tu mkweli alikuwa amepita mlangoni kwetu, na ndiye aliyekosa jengo.

Mama mdogo alikuwa akipiga makofi, macho yake yako kwa wachezaji.

"Athanas akakusihi ukanyamaza hivihivi?" aliuliza, bila kugeuka. "Wewe?"

Nilisogeza kiti kidogo, mbali na mkono wake.

"Alinipa begi," nilisema. "La shule. Lenye magurudumu. Liko chini ya kitanda chako."

"Jumatatu utamrudishia."

Nikakiri na hili la mwisho, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshazoea. Nilimwambia begi halitarudishika, mama mdogo, zipu ilikatika Alhamisi.